Andika alichosema: namna ya kujifunza mazungumzo ya nyumbani na kazini

Ukitaka kujifunza namna watu wanavyowasiliana, chukua daftari dogo na uanze na kauli moja. Tabia ya mtu na historia yenu ya miaka mitano viache pembeni kwanza. Mimi ni msimamizi wa duka la vitambaa Kariakoo, Dar es Salaam, na ninaishi Tandika katika nyumba ya wapangaji, kwa hiyo kutwa nzima niko katikati ya watu wanaolalamikiana. Malalamiko yenyewe yanafanana: yule ana dharau, bosi hanipendi, jirani mchoyo. Ukimuuliza anayelalamika, "Kwani alisema nini hasa?", mara nyingi maneno yameshamtoka akilini. Amebaki na hukumu tu, na hukumu haikufundishi kitu juu ya mazungumzo yaliyoizaa.

Kwa hiyo kanuni inayobeba nyingine zote ni hii: andika alichosema mtu kama alivyokisema, kisha andika aliyefuata alijibu nini. Maana ya kauli itafute kwenye jibu lake. Mtu akisema "Leo kuna joto" na mwenzake akainuka kufungua dirisha, kauli imepokelewa kama ombi. Mwenzake akijibu "Dar hii bwana, na Februari ndiyo kwanza inaanza", imepokelewa kama soga. Msemaji naye anapata zamu ya tatu ya kukubali alivyoeleweka au kusahihisha. Walioigeuza njia hii kuwa taaluma ni Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, huko Marekani. Makala yao ya mwaka 1974 kuhusu watu wanavyopokezana zamu ya kusema bado ni msingi kwa kila anayechambua mazungumzo. Huhitaji shahada kuitumia kazi yao. Unahitaji sikio na uvumilivu wa kutohukumu haraka.

Chagua uhusiano mmoja, na jambo moja ndani yake

Usijaribu kusoma kila mtu. Chagua uhusiano mmoja na jambo linalojirudia ndani yake: hela ya matumizi kati yako na mwenzako, simu za mama mkwe, makabidhiano ya zamu kazini. Jambo linalojirudia lina faida kubwa, maana litakuja tena wiki ijayo na utalilinganisha na la wiki hii. Uhusiano uliokwisha kuwaka moto uache kwanza. Hapo kila neno linasikika kama tusi, nawe utaandika hasira zako badala ya maneno.

Pa kufanyia mazoezi pazuri kuliko vyote ni daladala, kwa sababu hakuna anayekudai jibu. Panda Tandika kwenda Kariakoo asubuhi na usikilize jambo moja tu: konda anamwita nani nani. Kwa abiria wa umri wa mama yake ni "Mama, naomba nauli." Kwa kijana wa rika lake ni "Oya mwanangu, nauli." Kwa mwanaume mwenye shati lililonyooshwa ni "Bosi" au "Mkubwa", na kwa mzee mwenye kofia ni "Mzee wangu". Nauli ni ileile, ila kila anapobadilisha jina anabadilisha pia namna ya kuomba: "naomba" inaingia na kutoka, sauti inapanda na kushuka. Ukifika kwako, sikiliza wewe mwenyewe unawaitaje watu, na lini unabadilisha. Mfanyakazi ambaye juzi alikuwa "dada yangu" na leo ni "wewe binti" ameshasikia kwamba kuna kitu kimebadilika, hata kama ulikuwa unamuuliza ufunguo tu.

Namna ya kuandika

Andika mapema, kabla hujamsimulia mtu. Ukishasimulia, utakachoandika ni simulizi yako. Andika na zile sauti ndogo: "eeh", "mmh", "aah wapi". Andika na kimya. Gail Jefferson alitengeneza alama nyingi za kunukuu mazungumzo, mpaka urefu wa kimya ukipimwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Kwa matumizi ya nyumbani zinatosha tatu: nukta kwa kimya (nyingi kadiri kinavyorefuka), mkwaju (/) pale watu wawili wanapogongana kwa kusema pamoja, na mstari chini ya neno lililokaziwa.

Haya ni mazungumzo ya majirani zangu wawili waliokubali niyaandike. Wanatumia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mmoja anakaa chumba cha mbele, mwingine cha uani, na huyu wa uani alikuwa anafua.

Wa mbele: Dada, umeme umebaki yuniti tatu.
Wa uani: Eeh.
. . .
Wa mbele: Mi nilinunua ile juzi.
Wa uani: Ngoja nimalizie kufua hapa.
. . . .
Wa mbele: Haya.

Mistari mitano. Kesho yake wa mbele alikuwa akisema mwenzake anapenda vya bure, na wa uani akisema anafuatwafuatwa kama mdeni sugu. Sasa rudi kwenye maneno. Nani aliomba hela? Hakuna. Nani alikataa kutoa? Hakuna. Mstari wa kwanza ni taarifa iliyobeba ombi mgongoni. Watu hufanya hivi duniani kote: humtengenezea mwenzao nafasi ya kujitolea mwenyewe, kwa sababu kupewa kabla hujaomba ni heshima kwa wote wawili. "Eeh" ikapokea taarifa na kuliacha ombi. Kile kimya baada yake ni nafasi ya pili aliyopewa wa uani, nayo ikapita. Ndipo wa mbele akasogea hatua moja, "Mi nilinunua ile juzi", bado bila kuomba. Hapo wa uani akajibu ombi, kwa maana "ngoja" hujibu mtu anayekudai kitu, lakini jibu halikuwa na kiasi wala saa. Na "Haya" baada ya kimya kirefu hivyo ndiyo sehemu ambayo ugomvi wa kesho ulizaliwa.

Ukisoma hivi, "mchoyo" na "msumbufu" vinakosa kazi. Unaona ombi lililofichwa sana na jibu lisilo na saa. Na usikimbilie kusema dawa ni kuongea wazi wazi. Kwenye uwanja wa wapangaji, "Nipe hela ya umeme" ni shutuma, tena mbele ya watu. Dawa ni ndogo kuliko hapo: aliyebeba ombi aongeze kitu kinachojibika, "Dada, umeme umebaki yuniti tatu, tuchange elfu tano tano jioni?" Anayepokea naye ajibu lile ombi lililo chini ya taarifa: "Nikianua nguo nakuletea." Majirani hawa, baada ya kuisoma karatasi yangu pamoja, walibandika orodha ya zamu ukutani karibu na mita. Ni uamuzi wao, sikuwashauri.

Sikiliza mlango wa mazungumzo

Mwaka 1968 Schegloff alichapisha uchambuzi wa namna watu wanavyofungua mazungumzo ya simu. Sisi tunayo mali kubwa zaidi kwenye eneo hilo, maana salamu zetu ni ndefu na zina ngazi. Chukua simu moja unayompigia mzazi na uandike mpaka pale shida inapotajwa. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, wazima wote, wazima tunashukuru Mungu, na mzee anaendeleaje na mguu, mguu hivyo hivyo. Kisha panakuja kauli ya kuvuka: "Sasa mama, nilikuwa na shida moja." Weka alama hapo. Hesabu zamu zilizotangulia, halafu linganisha na simu unayompigia rafiki: "Niaje, uko wapi?" na kazi imeanza.

Utaona kwamba salamu inafanya kazi. Pale kwenye "mguu hivyo hivyo" mzazi amekupa habari kubwa, na mtoto anayekimbilia shida yake bila kuugusa huo mguu atasikika ana haraka na hela kuliko na mama. Kazini ni hivyo hivyo. Mtu akiingia ofisini na kusema "Lile faili liko wapi?" kabla ya "Habari za asubuhi", atakayejibu atajibu kwa mkato, na aliyeuliza ataondoka akisema watu wa ofisi ile wana nyodo. Lakini ukilisoma lile jibu la mkato peke yake, hutaelewa lilitoka wapi. Ndiyo maana unaandika kuanzia mlangoni.

"Nitakucheki"

Hapa pana utajiri wa kusoma mwaka mzima. Dar tunakataa mara chache kwa kusema hapana. Tunasema tutaangalia, ngoja nione, inshallah, nitakucheki. Dukani mteja akisema "Ngoja nizunguke kidogo narudi", wauzaji wazoefu wanakunja kitambaa palepale, na kwa kawaida hawakosei. Wanajuaje? Nimewasikiliza sana. Mteja atakayerudi huacha kitu: anauliza mnafunga saa ngapi, anataja mita anazotaka, anasema "usiniuzie hiki". Asiyerudi haachi kitu.

Tumia kipimo hichohicho kwenye ahadi za watu wako. "Nitakucheki" iliyofuatwa na siku, saa, au swali la kuhakikisha namba ya simu ni ndiyo inayotembea polepole. "Nitakucheki" iliyotanguliwa na kimya, ikaja na "basi" au "yaani", kisha sababu mbili tatu, ni hapana iliyovaa adabu. Watafiti wa mazungumzo wamelieleza jambo hili vizuri: kukubali huja haraka na kwa ufupi, kukataa huchelewa na huja kumezungukwa na maelezo. Na kuchelewa kwenyewe ni kudogo ajabu. Tanya Stivers na wenzake, mwaka 2009, walilinganisha lugha kumi, mojawapo ya Namibia, wakakuta kwamba jibu la swali la ndiyo au hapana huja, kwa wastani, baada ya kama sehemu ya tano ya sekunde. Kiswahili hakikuwemo, lakini jaribu mwenyewe mezani: muulize mtu "Jumamosi utakuja?" na uone mapengo madogo kiasi gani yanatosha kukuambia jibu kabla hajafungua mdomo.

Nakuomba jambo moja. Ukishatambua hapana ya adabu, usiitumie kumbana mtu. "Sema tu kama hutaki" inamvua mwenzako kitu alichokivaa kwa ajili yako. Mjibu kwa adabu ileile: "Haya, ukipata nafasi." Umeelewa, naye anajua umeelewa.

Ongeza safu ya waliokuwepo

Erving Goffman, mwanasosholojia aliyezaliwa Kanada, aliandika mwaka 1955 kwamba kila tunapokutana tunalinda taswira njema ya mtu mbele ya wengine, yetu na ya wenzetu. Bibi zetu waliita kusitiriana. Kwenye daftari, weka safu ya nani alikuwepo, na utashangaa ugomvi mwingi unavyoelezeka humo tu.

Dukani kwetu kitambaa kikikatwa vibaya, swali "Nani kakata hiki?" likiulizwa wateja wakiwepo hujibiwa "Si mimi", hata na aliyekikata. Swali hilo likiulizwa stoo, watu wawili tu, hujibiwa "Kilikuwa kinateleza, mkasi nao butu." Jibu la kwanza linalinda heshima. La pili linakupa habari kwamba mkasi unahitaji kunolewa. Msimamizi anayetaka kujua kilichoharibika aangalie kwanza waliosimama karibu.

Mtafiti wa mawasiliano Paul Watzlawick na wenzake, mwaka 1967, walisisitiza kwamba kila ujumbe una mambo mawili: jambo lenyewe, na namna msemaji anavyouona uhusiano wenu. "Ile oda umetuma?" na "Ile oda imeshaenda?" zinaulizia mzigo uleule. Ya kwanza inamnyooshea mtu kidole kidogo, ya pili inauliza mzigo. Kwenye safu ya pembeni andika: jambo ni hili, uhusiano ni huu. Ugomvi unaojirudia bila kuisha mara nyingi uko upande wa uhusiano, na nyinyi mnaendelea kubishania oda.

Kuna ujumbe usio na mdomo pia. Wateja wetu wengi wa kanga huuliza maneno kabla ya rangi. Mwanamke akivaa "Mdhaniaye ndiye siye" na kupita uani mara mbili, amesema na hajasema. Akiulizwa, ni kanga tu. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na stetasi za WhatsApp. Ukitaka kuzisoma, usibishane na aliyeandika kuhusu nia yake, hutaipata. Tazama nani ameguswa, na ameguswa kwa lipi.

Kutosikia na kuuliza

Kariakoo kuna kelele, kwa hiyo tunaulizana kutwa. Lakini hata penye utulivu ni hivyo: Mark Dingemanse na wenzake walichunguza lugha 12, mojawapo ya Ghana, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba, kwa wastani, katika soga za kawaida mtu huomba kufafanuliwa kila baada ya dakika kama moja na nusu. Kutoelewana kidogo kidogo ni sehemu ya mazungumzo yenye afya. Andika namna tatu za kuuliza: "Eeh?", ambayo inamrudishia mwenzako kazi yote, "Mita kumi na ngapi?", ambayo inaonyesha umeshika karibu zote, na "Umesema kumi na mbili?", ambayo inamtaka akubali au asahihishe tu. Kwa simu za kazi zoeza watu wako namna ya tatu. Nyumbani, ukiona mtu amebaki na "Eeh?" kwa kila kauli ya mwenzake, angalia kama bado anasikiliza.

Neno fupi juu ya semina zinazodai kwamba asilimia 7 tu ya mawasiliano ni maneno, na 93 ni sauti na uso. Namba hizo zimetoka kwenye majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu hisia za kupenda au kutopenda pale neno, sauti na uso vinapopingana. Hazihusu mazungumzo yote. Kama zingehusu, usingehitaji kujua lugha ya mtu kumwelewa kuhusu LUKU.

Ruhusa, kisha jaribio

Usimrekodi mtu kwa siri. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu akigundua simu ilikuwa inamnasa mezani, hutamsikia tena akiongea kwa uhuru. Mwambie: "Najifunza tunavyoongea kuhusu hela, naomba niandike maneno yetu, utasoma vyote." Majina yageuze herufi. Siri za ndoa ya mtu mwingine usiziandike kabisa, hata kama amekusimulia mwenyewe. Daftari la kazini lisilale kazini. Mimi kurasa zangu nazipitia Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako hakuna mwenzangu wa kuchungulia.

Ukishakuwa na mazungumzo kadhaa ya jambo lilelile, soma pamoja na aliyehusika. Usimpe tafsiri yako. Mwonyeshe mstari mmoja na uulize, "Hapa ulisikia nini?" Mara nyingi atakuambia alisikia kitu ambacho hukukiwaza, na hilo ndilo somo lenyewe.

Kisha badilisha kitu kimoja tu: neno la kuitana, mahali, saa, au namna ya kuuliza. Kimoja, ili jibu likibadilika ujue kilicholibadilisha. Umekuwa ukimwomba bosi ruhusa asubuhi, akijibu "tutaona" huku anasaini hati za mizigo? Acha maneno yako yalivyo, ombi lipeleke saa kumi na moja jioni duka likishafungwa, mkiwa wawili, na uandike atakachojibu. Likiwa bado "tutaona", rudi kwenye saa ileile wiki inayofuata na sasa ongeza tarehe: "Bosi, naomba Ijumaa ya tarehe kumi na nne nimpeleke mtoto kliniki, zamu yangu mwenzangu amekubali kuishika."